Tuonyesheni Kiini, Si Kiinimacho

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nchi nzima huuliza swali moja tu: ufaulu umepanda au umeshuka? Ukipanda kidogo, wizara hupongezwa. Ukishuka kidogo, walimu hulaumiwa. Magazeti huchapa asilimia, wanaharakati huitumia asilimia hiyohiyo kuikosoa serikali, na watumishi wa umma huibeba mpaka kwenye taarifa zao za robo mwaka. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililopaswa kutangulia: je, ni watahiniwa gani walio tofauti ambao kanuni yetu imewafanya kuwa sawa?

Swali hilo asili yake si siasa. Ni swali la nadharia ya seti, nami hulifundisha kila mwaka kwa vijana ambao wengi wao hufika chuoni wakiamini kwamba seti ni mchezo wa kuchora miduara miwili inayokatana. Huwa wanashangaa nikiwaambia kwamba hakuna somo la hisabati lililo karibu zaidi na ofisi ya serikali kuliko hili. Anayepanga watu katika madaraja, anayegawa ruzuku, anayejaza fomu ya kaya maskini, anayeamua nani apewe mkopo wa elimu ya juu na kwa kiasi gani, wote hao wanafanya kazi ya seti usiku na mchana. Tatizo ni kwamba wanatuonyesha nusu moja ya kazi hiyo na kuificha nusu nyingine.

Tuanze na maana za maneno. Chukua kundi la watu, na chukua kundi la pili la majawabu. Kanuni inayompa kila memba wa kundi la kwanza jawabu moja, na moja tu, kutoka kundi la pili, huitwa fankisheni. Mtahiniwa hawezi kupata madaraja mawili katika mtihani mmoja, wala hawezi kubaki bila jawabu. Kwa hiyo upangaji wa madaraja ni fankisheni. Kanuni haikatazi watu wawili, mia mbili au laki mbili kupata jawabu lilelile. Mkusanyiko wa majawabu yaliyopata angalau mtu mmoja ndio taswira ya fankisheni hiyo. Neno hili lina historia: mwaka 1888 Mjerumani Richard Dedekind, katika kijitabu chake kuhusu asili ya namba, aliliita jawabu la kila memba “picha” yake, na wanahisabati wa lugha nyingi wamelifuata jina hilo hadi leo.

Kiini ni kitu kingine. Kiini cha fankisheni ni orodha ya jozi zote za memba ambao kanuni imewapa jawabu moja. Asha na Baraka wakiwa na jawabu moja, wamo katika kiini pamoja. Wasipokuwa nalo, hawamo. Orodha hiyo ya jozi ina tabia njema: kila mtu yuko sawa na nafsi yake, Asha akiwa sawa na Baraka, Baraka naye yuko sawa na Asha, na Baraka akiwa sawa na Chausiku, basi Asha na Chausiku nao wako sawa. Kutokana na hayo matatu, kiini huligawa kundi zima katika vyumba. Kila mtu yumo katika chumba kimoja, hakuna aliye ukumbini, na hakuna anayelala vyumba viwili. Idadi ya vyumba ni sawasawa na idadi ya majawabu yaliyomo katika taswira.

Hapo ndipo penye jambo lote. Taswira ni vibao vilivyopigiliwa milangoni, na kiini ni orodha ya waliomo ndani. Ukisoma vibao vitano, unajua kuna vyumba vitano, basi. Hujui nani amelazwa na nani, wala kama waliomo wanafanana kwa lolote. Kiswahili chetu kina neno kiinimacho kwa ufundi wa kumfanya mtazamaji aone kisichokuwepo. Siasa ya takwimu inayotangaza taswira na kuficha kiini, kwangu mimi, ni kiinimacho kamili.

Waliosoma aljebra watanikatiza hapa, na wana haki. Wao walifundishwa kwamba kiini ni kundi la wale wanaopelekwa kwenye sifuri. Ni kweli, kwa sababu katika aljebra vitu vinaweza kujumlishwa na kutolewa: ukiwajua waliofika sifuri, unaweza kujenga upya vyumba vingine vyote, maana kila chumba ni nakala ya chumba cha sifuri iliyosogezwa pembeni. Watu hawana muundo huo. Huwezi kumtoa Asha kutoka kwa Baraka ukapata mtahiniwa wa tatu. Kwa hiyo, katika kundi la watu, kuwajua waliopata sifuri hakukwambii chochote kuhusu vyumba vingine. Nalisema hili kwa ndugu zangu wanaharakati, ambao kila Januari hupiga kelele juu ya daraja sifuri peke yake. Kelele yenu ni ya haki, lakini inachukulia kwamba udhalimu wote umekusanyika katika chumba kimoja.

Sasa tuufungue mfumo wenyewe. Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A hupewa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, na F pointi 5. Pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Hakuna siri hapa; mipaka hii inajulikana na kila mwalimu wa sekondari. Ninachoomba ni tuikokotoe hadharani, jambo ambalo hatulifanyi.

Asha amepata 45 katika kila somo kati ya masomo saba. Baraka amepata 64 katika kila somo. Wote wana C saba, pointi 21, daraja la pili. Asha ana jumla ya alama 315 na Baraka ana 448. Tofauti yao ya alama 133 imefutika kana kwamba haikuwapo. Chausiku naye amepata 44 katika kila somo, jumla alama 308, yaani saba tu chini ya Asha. Ana D saba, pointi 28, daraja la nne. Hakuangukia daraja la tatu. Amelirukia juu kwa juu. Kwa upande mwingine, Daudi amepata 65 katika kila somo, jumla 455, alama saba tu juu ya Baraka, naye ni daraja la kwanza. Alama saba huvusha mtu mpaka. Alama 133 hazimsogezi hata hatua moja.

Mtu atasema nimechagua mifano ya pembeni. Basi chukua mwingine. Eliya amepata 64 katika masomo matano na 44 katika mawili. Jumla yake ni alama 408, yaani 93 zaidi ya Asha. Pointi zake ni 15 na 8, jumla 23: daraja la tatu. Eliya amemzidi Asha kwa karibu alama mia moja, na jamhuri imemweka chini yake. Naomba watumishi wa umma wasome sentensi hiyo mara mbili, kwa maana kesho Asha na Eliya wanaweza kukutana kwenye tangazo moja la kazi au nafasi moja ya mafunzo, na daraja ndilo litakalowachuja.

Tena kuna kilichofutwa ambacho si wingi wa alama. Mwanafunzi mwenye A tano na D mbili ana pointi 13. Mwanafunzi mwenye A moja na B sita naye ana pointi 13. Wote ni daraja la kwanza, pointi kwa pointi. Mmoja ana vipaji vikali upande mmoja na mashimo mawili upande mwingine, pengine hisabati na fizikia. Mwenzake ni mwenye uwiano katika kila somo. Anayetaka kujua ni nani kati yao awe mhandisi au nani awe mwanasheria hatapata msaada wowote kutoka kwenye namba 13.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya daraja. Lakini kinachotangazwa kwa kishindo si daraja. Ni “ufaulu”, na ufaulu ni kuyakusanya madaraja manne ya kwanza katika neno moja. Tazama basi chumba hicho kikubwa. Aliyepata mia kwa mia katika masomo yote saba, alama 700, amefaulu. Aliyepata 30 katika masomo mawili na sifuri katika matano, alama 60, ana D mbili na F tano, pointi 33, daraja la nne: naye amefaulu. Wamo chumba kimoja. Wanafunzi wote wa taifa hili wangeweza kuporomoka kutoka A saba hadi D saba, na asilimia ya ufaulu isingetikisika hata kidogo. Waziri angesimama na kupongezwa.

Kuna nadharia ndogo inayoeleza kwa nini mambo huwa mabaya zaidi kadiri taarifa inavyopanda ngazi. Kanuni mbili zikifuatana, ya pili ikipokea majawabu ya ya kwanza, basi wote waliofanywa sawa na ya kwanza watabaki sawa hadi mwisho, na wengine wanaweza kuongezeka. Uthibitisho wake ni mstari mmoja: ikiwa Asha na Baraka wametoka hatua ya kwanza wakiwa na jawabu moja, hatua ya pili imepokea kitu kilekile mara mbili, na kwa kuwa ni fankisheni haina budi kutoa jawabu lilelile mara mbili. Kutoka alama kwenda herufi, kutoka herufi kwenda pointi, kutoka pointi kwenda daraja, kutoka daraja kwenda “amefaulu”: kwa kila hatua vyumba huunganishwa, na hakuna ukuta unaojengwa upya.

Watumishi wenzangu wa umma, yachukueni hayo kwa uzito wake. Kilichofutwa kijijini hakifufuliwi Dodoma. Mtakodi mshauri mwelekezi, mtanunua programu ya kuchora grafu za rangi, siku hizi mtaambiwa kwamba akili mnemba itachambua takwimu na kutoa ukweli uliojificha. Ikiwa fomu ya mtendaji wa kijiji ilikuwa na kisanduku kimoja cha “ana ajira / hana ajira”, hakuna mashine duniani itakayotenganisha mwenye duka na anayeokota chupa za plastiki waliotiwa tiki kisanduku kimoja. Mshauri akiwaahidi kinyume cha hapo, mwulizeni amepata wapi taarifa hiyo. Ama ameitoa kwenye chanzo kingine, ama ameibuni.

Nafahamu pingamizi linalokuja, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: mwalimu, unataka serikali isimpange mtu? Utatawalaje watu milioni sitini kwa kumtazama kila mmoja peke yake? Pingamizi hili lina nguvu na sitalipita kwa dharau. Fankisheni ambayo kiini chake ni chembamba kabisa, ambapo kila mtu yuko peke yake chumbani, ni daftari la majina tu. Haiamui chochote. Kipimo cha malaria kina majawabu mawili, na kinawaweka chumba kimoja mkulima na jaji, mtoto na mzee. Nasi tunakishukuru, kwa sababu katika jambo linaloamuliwa, yaani kama damu ina vimelea au haina, waliomo chumba kimoja wanastahili kuangaliwa kwa jicho moja. Nami simlaumu mtunga kanuni kwa kuwafanya watu kuwa sawa, maana hiyo ndiyo kazi ya kanuni. Ninachomdai aseme ni amewafanya nani sawa na nani, na kwa ajili ya uamuzi gani. Na kanuni iliyotungwa kwa uamuzi mmoja isipelekwe kufanya uamuzi wa pili kwa sababu tu ilikuwa karibu na mkono.

Historia yetu wenyewe inatufundisha jinsi tulivyo wepesi kugombana juu ya vibao vya milango. Matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaweka takribani watahiniwa sita katika kila kumi kwenye daraja sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo na kuamuru yapangwe upya. Karatasi zilikuwa zilezile, wino uleule, majibu yaleyale ya vijana walewale; kilichobadilika ni kanuni, na maelfu waliohesabiwa wameanguka wakaonekana wamefaulu. Sijui ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba daraja halikai ndani ya mtoto kama damu inavyokaa. Usione vyaelea, vimeundwa, na mwaka ule tuliona viundwavyo na kuundwa upya mbele ya macho yetu.

Tulijifunza nini? Mwishoni mwa 2013 wizara ilitangaza mpango ambao ndani yake daraja sifuri lingekuwa daraja la tano. Mjadala ukawaka, kwa dhihaka nyingi, juu ya jina. Wachache sana walisema jambo la kihisabati lililokuwa wazi: ukibadilisha vibao vya milango bila kumhamisha mtu yeyote, taswira imebadilika na kiini kimebaki kilekile. Kisha ukaja mfumo wa wastani wa pointi, wenye majina ya kifahari. Mwanzoni mwa 2016 Waziri Joyce Ndalichako akaagiza turudi kwenye madaraja. Kila safari watu waliuliza mfumo gani ni wa kisasa na upi ni wa zamani. Hakuna aliyetuwekea mezani orodha mbili, ya zamani na mpya, zikionyesha ni watahiniwa gani waliotenganishwa na ni nani waliounganishwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, hatua ninayoiunga mkono, lakini nayo ni kuondoa kibao kimoja kirefu kwenye ukuta wa nje.

Wenzetu wa Kenya wana mfano ulio wazi zaidi kwa sababu mipaka yake ni ya fedha. Mfumo mpya wa kugharimia elimu ya chuo kikuu ulitangazwa Mei 2023, na mwaka uliofuata wanafunzi walipangwa katika makundi matano kwa kipato cha kaya kwa mwezi. Kundi la pili liliishia shilingi 23,670 za Kenya. Kundi la tatu lilianzia hapo hadi 70,000. Familia za kundi la pili zilitakiwa kulipa asilimia 10 ya gharama ya masomo, za kundi la tatu asilimia 20. Weka mfano wa kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Kaya yenye kipato cha 23,670 ingechangia 30,000. Kaya yenye 23,671 ingechangia 60,000. Na kaya yenye 70,000, karibu mara tatu ya ile ya pili, nayo 60,000. Shilingi moja ya kipato imezaa shilingi elfu thelathini za ada, na shilingi elfu arobaini na sita za kipato hazikuzaa hata senti. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na shauri likaendelea mbele kwenye Mahakama ya Rufani. Kilichonigusa mimi ni vijana waliosimama mitaani na kuuliza kwa nini mtoto wa mama ntilie amewekwa kundi moja na mtoto wa mwalimu mkuu. Pengine hawakujua, lakini walikuwa wakidai kiini, na waliuliza vizuri zaidi kuliko wachumi wengi niliowasikia.

Nirudi nyumbani kwa jambo ambalo watumishi wa halmashauri watalitambua upesi. Taswira ina udhaifu mwingine, nao ni kwamba haiheshimu makutano. Tuseme katika halmashauri kuna shule za sekondari kumi. Baadhi zina maabara ya fizikia. Baadhi zina mwalimu wa fizikia. Kanuni ya taarifa humpeleka mtu kutoka shule hadi halmashauri: shule yoyote yenye maabara huipa halmashauri tiki katika safu ya maabara, na shule yoyote yenye mwalimu huipa tiki katika safu ya walimu. Makao makuu huona tiki mbili na kuandika kwamba halmashauri hiyo ina uwezo wa kufundisha fizikia kwa vitendo. Lakini maabara iko shule ya mlimani, ambako milango ina kufuli tangu siku ya uzinduzi, na mwalimu yuko shule ya bondeni, anachora saketi ubaoni kwa chaki. Shule yenye vyote viwili haipo hata moja.

Hili si bahati mbaya ya halmashauri moja, ni nadharia. Taswira ya makutano ya makundi mawili daima imo ndani ya makutano ya taswira zao, lakini kinyume chake hakina dhamana. Dhamana hiyo hupatikana kwa makundi yote pale tu ambapo kanuni haiwaweki wawili chumba kimoja, yaani pale ambapo kiini hakina jozi yoyote zaidi ya kila mmoja na nafsi yake. Ukienda njia ya kurudi, yaani ukianza na jawabu na kuuliza ni akina nani waliotoka huko, makutano huheshimiwa kikamilifu. Kwa lugha ya ofisi: anayetaka kujua kama vitu viwili vinakutana mahali pamoja ashuke hadi shuleni na kuuliza, asilinganishe safu mbili za ripoti zilizokwisha kukusanywa. Sekondari za kata zilipojengewa maabara kwa michango na jasho la wananchi, tulihesabu majengo kwa halmashauri na kwa mkoa. Wazazi waliochangia tofali hawakuchangia kwa ajili ya safu ya tiki.

Nadhani nusu ya lawama inatuangukia sisi tunaofundisha. Mwanafunzi wetu hukutana na fankisheni kidato cha tatu, kwa Kiingereza, kama mishale kutoka yai moja hadi yai jingine. Hukariri majina ya mayai hayo, akajibu maswali mawili ya mtihani, akasahau. Haelezwi kwamba mishale miwili inayoangukia nukta moja ni uamuzi wa mtu fulani kwamba vitu viwili havina tofauti inayostahili kukumbukwa. Lugha yetu ina maneno taswira na kiini, mepesi na yenye nyama. Mtu akielezwa kwa lugha hiyo anaweza kumkabili afisa dirishani. Akielezwa kwa mishale tu, atamkabili mtihani na basi.

Sasa dai langu, ambalo ni dogo na halihitaji sheria mpya. Matokeo yanayotangazwa na cheti anachopewa mtahiniwa vinaonyesha herufi. Alama yenyewe hamwonyeshi mtu. Kijana mwenye D katika kemia hajui kama alipata 30 au 44. Na taratibu zetu zinamruhusu kukata rufaa na kuomba karatasi yake isahihishwe upya, kwa ada na ndani ya muda uliowekwa. Ataamuaje? Mwenye 44 amekosa alama moja. Jibu moja lililorukwa na msahihishaji aliyechoka lingemtoa D hadi C, na pengine kutoka daraja moja hadi jingine. Mwenye 30 akilipa ada hiyo, anatupa fedha ya mzazi, na akizidi kukosa bahati anaweza kujikuta na F. Wote wawili wanaitazama herufi ileile, nasi tunawaambia waamue. Mwenye uwezo hukata rufaa kwa kubahatisha. Mtoto wa mkulima asiyekuwa na ada ya kubahatisha hukubali. Haki ya rufaa ipo kwenye maandishi, na kiini cha kanuni kimeinyang'anya maana yake.

Alama hizo zipo. Haiwezekani kutoa herufi bila kuwa na alama kwanza. Hazihitaji kutafutwa, kukusanywa wala kufanyiwa utafiti. Zimekaa kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani, hatua moja nyuma ya herufi. Kwa hiyo nawaomba wanaharakati wa elimu, badala ya kusubiri asilimia ya mwaka ujao, waandike barua moja yenye ombi moja: kila mtahiniwa aweze, kwa namba yake ya mtihani, kuona alama zake mwenyewe kwa kila somo kabla dirisha la rufaa halijafungwa. Wanafunzi wangu wanaosoma hapa wana wadogo zao kidato cha nne mwaka huu. Waanze kuwauliza wakuu wa shule swali hilo sasa, Novemba isije ikawakuta wakisubiri herufi.